Vicky Ntetema: Mwandishi Aliyejifanya Mteja wa Waganga

Mwaka 2008 mwanamke mmoja alizunguka kwa waganga wa Kanda ya Ziwa akijitambulisha kuwa mfanyabiashara anayetafuta dawa ya utajiri. Akapigiwa ramli, akatajiwa bei. Wawili kati ya waganga hao walimwahidi dawa yenye viungo vya mtu mwenye ualbino, bei ikianzia dola 2,000. Hawakujua kuwa mteja wao ni Vicky Ntetema, mkuu wa ofisi ya BBC nchini Tanzania.

Anayeijua Katoro, mji wa wachimba dhahabu mkoani Geita, haoni ajabu kwamba dawa hizo zilipata wanunuzi ukanda huu. Mchimbaji mdogo anaweza kushuka duarani, yaani shimoni, miezi asione hata punje, huku jirani yake akibeba mawe yenye dhahabu ndani ya wiki moja. Jiolojia inaeleza tofauti hiyo vizuri, lakini mwenye madeni hamtafuti mjiolojia. Ziwani nako ilisemwa kuwa wavuvi husuka nywele za watu wenye ualbino kwenye nyavu ili wapate samaki. Geita, Shinyanga na Mwanza zikaongoza kwa mauaji.

Ripoti ya Ntetema ilitoka Julai 2008. Simu za vitisho zikaanza kumiminika, naye akalazimika kuishi mafichoni.

Mauaji yenyewe yalikuwa yakiripotiwa hata kabla yake. Alichoongeza ni ushahidi wa biashara: nani anauza, kwa bei gani, kwa ahadi ipi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uzito wa kazi yake ulipo, kwa sababu tukio lililoitwa ushirikina wa watu wachache wa vijijini lilionekana sasa kuwa soko lenye wateja wa fedha. Dola 2,000 si fedha ya mkulima wa mihogo.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni alipozungumzia mauaji hayo, na serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14 wilayani Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini.

Ntetema aliiacha BBC akajiunga na Under The Same Sun, shirika lililoanzishwa na Peter Ash, Mkanada mwenye ualbino, na baadaye akawa mkurugenzi wake nchini. Mwaka 2010 taasisi ya kimataifa ya wanahabari wanawake, IWMF, ilimpa tuzo ya ujasiri. Mwaka 2016 akapata nyingine ya wanawake jasiri kutoka serikali ya Marekani.

Tuzo hizo hazikufunga soko. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja aliporwa kwa mama yake wilayani Chato, si mbali na Katoro, na mwili wake ukapatikana bila mikono na miguu. Mei 2024 mwingine, wa miaka miwili na nusu, alinyakuliwa Muleba mkoani Kagera. Mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana, na watu tisa wakafikishwa mahakamani Bukoba. Mnunuzi yupo bado, na anayemjua, awe duarani au sokoni, asimfichie siri.