Besi mpya ikishauteka moyo: Kwaya ipime nini kabla ya kulipa?

Na Mwandishi Wetu, Ngara

KWA kwaya ya kijiji kama Murukulazo, wilayani Ngara mkoani Kagera, kununua gitaa la besi si jambo la mtu mmoja. Fedha hutoka katika michango ya wanakwaya, ambao wengi huishi kwa kahawa, migomba na maharage. Mpigaji akilipenda gitaa kwa kuliona tu dukani, uamuzi wake hubebwa na kundi zima kwa miaka mingi.

Mapenzi hayo ya ghafla yana sababu zake. Gitaa jipya huwa na nyuzi mpya, na nyuzi mpya hutoa sauti kali na safi kuliko zile zilizokwisha kulowa jasho la vidole. Likilinganishwa na gitaa lililotumika, jipya huonekana bora hata pale ambapo tofauti yote ni nyuzi tu. Rangi na mng'ao wa mbao humalizia kazi iliyobaki.

Kazi ya besi

Besi ya kawaida ina nyuzi nne zinazolinganishwa katika noti za E, A, D na G, oktava moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida. Uzi wake mnene kuliko wote hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, ilhali ule wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82. Besi ndiyo inayounganisha ngoma na waimbaji: huonyesha pigo, na wakati huohuo hutoa noti ya msingi ambayo sauti nyingine zote huegemea.

Anayejifunza besi kwa kusikiliza redio, iwe Radio Kwizera iliyoanza kurusha matangazo wilayani Ngara mwaka 1995 au kituo kingine, huisikia nusu tu. Spika ndogo ya redio haiwezi kutoa mtikisiko wa chini kiasi hicho. Sikio huukisia kutokana na mitikisiko ya juu inayoambatana nao. Ndiyo maana besi iliyojaribiwa kwa spika ndogo dukani yaweza kusikika tofauti kabisa ikifika kanisani.

Ilikotoka

Kabla ya umeme, kazi hiyo ilifanywa na besi kubwa ya mbao inayosimamishwa wima, ambayo hadi leo husikika katika taarabu ya Zanzibar. Katika miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme ya kushikwa kama gitaa, lakini haikuenea. Iliyoenea ni Precision, iliyotolewa na Leo Fender mwaka 1951. Vipande vya chuma vya shingoni, yaani freti, vilimwezesha mpigaji kuipata noti kwa usahihi, na ndiko lilikotoka jina hilo.

Katika ukanda huu, ala hiyo ilipata makao katika muziki wa dansi. Decca Mpudi aliipiga katika TP OK Jazz ya Franco mjini Kinshasa. Nchini, NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo ndiyo chimbuko la Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, zilikuza upigaji ambamo besi husema, ikanyamaza, kisha ikajibu. Kwaya nyingi za magitaa zimerithi mtindo huo.

Precision, Jazz na nyinginezo

Besi nyingi zinazouzwa leo, ziwe za Yamaha, Cort au Squier, ambayo ni chapa ya bei nafuu ya Fender, hufuata mojawapo ya miundo michache ya zamani. Kwa hiyo kuijua miundo hiyo ni kujua takriban kila kinachotundikwa dukani.

Precision ina pikapu moja, kile kifaa chenye sumaku kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme. Tangu mwaka 1957 pikapu hiyo imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mngurumo wa umeme. Sauti yake ni nzito na ya moja kwa moja. James Jamerson, aliyepiga katika nyimbo nyingi za Motown, aliitumia hiyo.

Jazz, iliyotolewa mwaka 1960, ina pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi, takriban milimita 38 kwa upana kule mwanzoni mwa nyuzi. Humfaa mwenye vidole vifupi, na sauti yake huweza kubadilishwa kwa namna nyingi. Kasoro yake ni kwamba pikapu moja ikifunguliwa kuliko nyingine, mngurumo huweza kusikika. Penye jenereta au nyaya za umeme zisizofungwa vizuri, jambo hilo si dogo.

Höfner 500/1 ya Ujerumani, maarufu kwa sababu ya Paul McCartney, ina mwili wenye uwazi ndani na ni nyepesi mno, haifiki kilo tatu. Urefu wa uzi wake unaotikisika ni takriban sentimita 76, wakati Precision na Jazz zina sentimita 86. Besi fupi haichoshi mkono, nayo humfaa kijana anayeanza, lakini uzi wake mnene huelekea kulegea zaidi.

Music Man StingRay ya mwaka 1976 ilieneza besi zenye kikuza sauti kidogo ndani ya mwili, kinachotumia betri ya volti 9. Sauti yake huchomoza vizuri. Hata hivyo, betri ikiisha katikati ya ibada, nyingi za aina hiyo hunyamaza kabisa. Waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, betri huendelea kuliwa. Palipo mbali na duka, besi isiyohitaji betri ina wasiwasi mchache.

Zipo pia zenye nyuzi tano, ambazo uzi wa nyongeza hushuka hadi noti ya B, mitikisiko 31 kwa sekunde. Spika za kwaya nyingi haziwezi kuitoa noti hiyo ipasavyo, na kwaya hulipia uzi isioutumia.

Kipaza sauti chake

Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, hivyo besi huhitaji nguvu nyingi kuliko gitaa la solo ili zisikike sawa. Kuichomeka katika kipaza sauti cha gitaa la kawaida na kukifungua hadi mwisho huweza kupasua spika. Bajeti iliyoishia kwenye gitaa peke yake, basi, ni bajeti pungufu. Besi ya kiasi yenye spika inayofaa husikika vizuri kuliko besi ya ghali iliyochomekwa penye udhaifu.

Majaribio ya dakika kumi

Kwanza, uzi ubanwe kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati ya shingo ubaki upenyo mdogo tu, kama unene wa kadi. Upenyo mkubwa huonyesha shingo iliyopinda. Kasoro hiyo mara nyingi hurekebishwa kwa chuma kilichomo ndani ya shingo, lakini ni vema ijulikane kabla ya bei kukubaliwa.

Pili, kila uzi upigwe kwenye freti ya kumi na mbili na ulinganishwe na noti yake ya wazi. Zikiachana zaidi ya oktava kamili, besi itapotoka kadiri mkono unavyopanda juu.

Tatu, kila freti ipigwe mojamoja, ili kugundua noti zinazozima haraka au kukwaruza. Vitufe vya sauti vizungushwe polepole. Vikikwaruza, vina vumbi au vimechakaa.

Nne, gitaa livaliwe kwa mkanda kwa muda wa nyimbo tatu. Besi nyingi zina uzito wa kilo tatu na nusu hadi nne na nusu, na bega huutambua uzito huo kabla ya macho.

Mwisho, besi mpya na ya zamani zilinganishwe zikiwa na nyuzi za hali moja, katika spika moja na kwa wimbo mmoja ambao kwaya huuimba. Wasikilize na waimbaji pia, maana wao ndio watakaoitegemea. Mara nyingine jibu litakuwa kwamba gitaa la zamani lilihitaji seti mpya ya nyuzi tu, na fedha za mavuno zikabaki kwa ajili ya spika.