Goma: Upatanisho wa vitabu haujashika mtaani Mabanga

GOMA – Mwenye kujua Lingala akifika mtaa wa Mabanga, tarafa ya Karisimbi, jina hilo linamwambia "mawe", na kweli mawe ya volkeno ndiyo anayoyakanyaga. Lakini akitaka kusema kwamba mawe yapo, itabidi achague: "mabanga mazali" kama katika vitabu vya kanisa, ama "mabanga ezali" kama wanavyosema watu wa Kinshasa.

Ile "mazali" ina mtu aliyeiweka. Mwaka 1901 padri Mbelgiji Égide De Boeck, wa shirika la Scheut, alifika Nouvelle-Anvers, leo Makanza, kando ya mto Kongo. Alikuta Kibangala, lugha ya biashara na ya vituo vya serikali, akaiona ni maskini. Akaikopea viambishi na upatanisho kutoka lugha za Kibantu za jirani, na mwaka 1904 akatoa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo kwa jina jipya, Lingala. Watu walipokea jina na maneno mengi. Upatanisho waliuacha kanisani na shuleni.

Ulaya mambo kama hayo yalipita mezani. Kiesperanto cha Zamenhof kilitoka mwaka 1887. Miaka 20 baadaye kamati ilikaa Paris, na hapo ikazaliwa Ido. Lugha hiyo ilikopa kwa Kiesperanto nyakati za kitenzi, -as ya sasa, -is ya jana na -os ya kesho, lakini ikatupa upatanisho: nyumba kubwa, "grandaj domoj", zikawa "granda domi". Wasemaji wa Lingala, wao, hawakuitisha mkutano wowote.

Wala watu wa Goma hawakuitisha. "Majiwe iko mingi", anasema mwenye kujenga, na sokoni hakuna anayemsahihisha.

Darasani ni mengine. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inataka shule ya msingi ifundishe kwa lugha za taifa ama za mazingira. Kitabu kinasema "mawe haya makubwa yameanguka". Mtoto wa Mabanga analeta "hii majiwe kubwa imeanguka", na kalamu nyekundu inapita juu yake. Usiku mzazi anayemsaidia kazi za shule anakwama palepale: mawe anayajua tangu zamani, ni hiyo "yame" inayomshinda.