Barassi: Alirithi jezi ya baba, akahamia kwa wapinzani

ASKARI wa Australia aitwaye Ron Barassi aliuawa Tobruk, Libya, Julai 1941. Miezi kumi tu kabla alikuwa ametwaa ubingwa na klabu ya kandanda ya Melbourne. Aliacha mtoto wa miaka mitano mwenye jina kama lake.

Siku hizo mchezaji alifungwa na klabu ya eneo analoishi, na kijana Barassi hakuishi eneo la Melbourne. Klabu ikaibana ligi ya Victoria hadi ikakubali mtoto afuate klabu ya baba yake. Kanuni hiyo ipo hadi leo, ingawa imerekebishwa. Mama alipohamia Tasmania, kocha Norm Smith alimpa kijana makazi nyumbani kwake.

Akiwa na jezi namba 31 ya baba yake, Barassi alitwaa mataji sita kati ya 1955 na 1964, mawili ya mwisho akiwa nahodha. Kisha akaondoka kwenda Carlton, akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Mashabiki waliona wamesalitiwa, na si ajabu: kanuni ilibadilishwa ili wampate. Lakini Barassi alitaka kufundisha, na kiti cha kocha pale Melbourne kilikaliwa na mlezi wake.

Fainali ya 1970 ndiyo iliyompa sifa ya ukocha. Mbele ya watazamaji 121,696, Carlton ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma ya Collingwood kwa pointi 44, katika mchezo ambao goli moja lina pointi sita. Barassi aliagiza vijana wake waache kubutua na wapasiane kwa mkono: mpira unashikwa kiganjani na kupigwa kwa ngumi ya mkono wa pili. Akamwingiza Ted Hopkins kutoka benchi, naye akafunga magoli manne. Carlton ilishinda 111 kwa 101.

North Melbourne, ambayo haikuwahi kuwa bingwa, ilitwaa taji chini yake mwaka 1975 na tena 1977.

Aliporejea Melbourne kama kocha, 1981 hadi 1985, hakupata kitu. Klabu hiyo ilisubiri hadi Septemba 2021 kutwaa taji la kwanza tangu aondoke, Barassi akiwa na miaka 85. Alifariki Septemba 16, 2023.