Faili la Mgonjwa Mikononi mwa Kampuni
Dereva wa lori anayetumia ARV huchukua dawa Tunduma, huvuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, na kurudi baada ya wiki kadhaa. Faili lake lazima limsubiri. Kituo kinapoliweka kwenye seva za kampuni ya mtandaoni, majadiliano huishia kwenye bei; siku ya kuachana, iliyo nzito kuliko zote, husahauliwa. Kabla ya saini, mkataba utaje kumbukumbu ni za nani, zinahifadhiwa nchi gani, zitarejeshwa kwa muundo upi na nakala zitafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Na deni? Hata malipo yakichelewa, kampuni isiruhusiwe kulifunga faili: dereva yupo dirishani, lori linanguruma.