Nilimwambia mtoto afute jibu sahihi

Kwenye ukurasa huu huwa naandika habari za afya. Leo naomba tuzungumzie Hisabati, kwa sababu nimemkosesha mtoto wa watu.

Jumapili jioni nilikuwa Kipawa kwa dada yangu, ndege zikipita juu ya bati kuelekea uwanjani. Mpwa wangu wa darasa la sita akaniletea daftari nimkagulie. Swali lilikuwa 20 − 8 + 5, naye ameandika 17.

Nikamwambia afute. Si wote tuliimbishwa MAGAZIJUTO? Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kujumlisha kunatangulia, basi 8 + 5 ni 13, na 20 toa 13 ni 7.

"Anko, una uhakika?" akaniuliza. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi nimemaliza chuo kikuu. Akafuta. Jumatatu akarudi na kosa la wino mwekundu, na kosa hilo ni langu.

Mzazi, ukweli ni huu: kujumlisha na kutoa vina ngazi moja. Unaanza na kilichotangulia, kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha navyo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo 20 − 8 ni 12, kisha 12 + 5 ni 17. Ukiwa na shaka, geuza swali liwe pesa: ulikuwa na shilingi 20,000, ukanunua mchele wa 8,000, jirani akakulipa deni lake la 5,000. Nani atasema umebaki na 7,000?

Tukajaribu swali refu zaidi, kila hatua kwenye mstari wake:

30 − 12 ÷ (1 + 3) × 2
30 − 12 ÷ 4 × 2
30 − 3 × 2
30 − 6
24

Angalia ile 30. Hatukuigusa hadi mwisho, lakini tumeiandika kila mstari. Hapa ndipo mpwa wangu alikuwa akipotea: anaandika kipande anachokokotoa tu, akifika mwisho 30 ameisahau. Akiandika mstari mzima, hata wewe uliyesahau hesabu zamani utaona kosa limeingilia wapi. Na kabla hujasema "umekosa", mwambie akusomee hatua zake kwa sauti. Mimi ningefanya hivyo Jumapili ile, ningenyamaza.

Kabla sijaondoka nikampa swali la kazini kwangu. Mtoto ameandikiwa dawa ya maji, mililita 5, mara 3 kwa siku, kwa siku 5. Chupa moja ina mililita 60. Zinunuliwe ngapi?

Akaandika: 5 × 3 = 15 kwa siku. 15 × 5 = 75. Chupa moja haitoshi, itaisha siku ya nne. Wapo wazazi wanaoishia hapo hapo, mtoto akionekana kachangamka, dozi inakatishwa.

"Mbili, anko. Na zitabaki mililita 45."

Nikamwongezea moja ambalo halimo kwenye daftari: kama ni antibayotiki ya unga iliyochanganywa na maji, hizo 45 hazitunzwi kabatini kusubiri homa nyingine.