Lafudhi ya Manyatta Ivukapo Bahari

Mtu wa Manyatta, kule kwenye miteremko ya Mlima Kenya penye mashamba ya chai na kahawa, akienda ng'ambo huchukua vyeti vyake, pasipoti na koti zito. Kila kimoja katika hivyo aweza kukisahau nyumbani. Lafudhi yake hawezi kuiacha hata akitaka. Mwezi wa Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kufanya kazi Uingereza. Tangu hapo mzazi aliyeuza kahawa ili binti yake asomee uuguzi ana haki ya kuuliza: je, matamshi ya kwetu yatamfaa mtoto huko, au yatamponza?

Kwanza yafaa kujua asili ya jambo lenyewe. Kiembu kina irabu saba, hali Kiswahili kina tano. Hakina sauti ya l, bali r peke yake. Nayo d hutamkwa ikitanguliwa na n. Ndiyo sababu "dawa" husikika "ndawa", na "kulala" ikawa "kurara". Huu si uzito wa ulimi wala upungufu wa elimu. Wataalamu wamegundua kwamba mtoto mchanga, hata kabla ya kutimiza mwaka mmoja, huanza kushika sauti za lugha ya nyumbani na kupuuza zile zisizotumika humo. Kila taifa lina lafudhi yake, na Waingereza wenyewe wanazo nyingi.

Je, lafudhi hiyo hubadilika ugenini? Jambo hili hutegemea sana umri. Mwaka 1992 mwanachuoni Jack Chambers alitoa habari za vijana 6 wa Kanada waliohamia kusini mwa Uingereza. Kwa maoni yake, mtoto wa miaka saba au chini yake karibu hana budi kuyapata matamshi ya mahali papya, bali aliyefika miaka kumi na minne au zaidi ni vigumu sana kuyapata yote. Basi katika nyumba moja huweza kusikika sauti mbili: baba asema kama mtu wa Manyatta, na mwanawe kama wenzake wa shuleni.

Hata hivyo mtu mzima habaki vile vile kabisa. Sauti zake husogea kidogo kidogo bila yeye kujua. Akirudi likizo, rafiki zake humcheka kuwa amekuwa Mzungu. Naye akifika kazini Uingereza, huulizwa ametoka nchi gani. Kwao ni mgeni, na ugenini ni mgeni.

Hatari ziko mbili, wala zisichanganywe. Ya kwanza ni kutoeleweka. Kwa Kiingereza, asemaye kwamba watoto wanacheza, akitia r mahali pa l, atasikika akisema wanasali. Hilo ni la kuchekesha. Lakini kumi na tano na hamsini hukaribiana sana katika lugha hiyo, na muuguzi akikosea mkazo anapotaja kipimo cha dawa kwa simu, mgonjwa aweza kudhurika.

Hatari ya pili haimo kinywani mwa msemaji, bali masikioni mwa msikilizaji. Mwaka 2010 wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba watu huelekea kutosadiki habari ile ile wanapoambiwa na mtu mwenye lafudhi ya kigeni. Kosa hilo haliwezi kuondolewa na mgeni peke yake. Wenyeji nao wana wajibu wa kusikiliza kwa uvumilivu.

Wenye kutayarisha safari wazingatie jambo moja. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza hukubali mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, na katika kusema hutaka alama 7 kati ya 9. Mtihani huo haumwadhibu mtu kwa kuwa na lafudhi. Hupima kama anaeleweka bila taabu. Kwa hiyo hakuna faida ya kusemea puani ili kuwaiga Wazungu. Faida imo katika kuzizoeza zile sauti chache zinazogeuza maana, kusema polepole, kutaja tarakimu moja moja, na kumwomba msikilizaji ayarudie aliyoyasikia.

Watoto wazaliwao huko watasema kama wenyeji bila kufundishwa na wazazi wao, maana shule na michezo yatosha kuwafundisha. Kiembu hawatakifundishwa na mtu mwingine. Mzazi asipokisema nao mezani kila siku, itafika siku cucu atapiga simu kutoka Manyatta, na mjukuu hatakuwa na neno la kumjibu.