Neno « aggression »: kutoka hatua ya mguu hadi mbele ya majaji wa La Haye

Mashariki mwa DRC, neno « agression » linasikika karibu kila siku: kwenye redio, sokoni na katika matangazo ya serikali. Waingereza wanaliandika « aggression », kwa g mbili, na walilipata kutoka Kifaransa katika karne ya 17. Lakini mizizi yake ni ya Kilatini, na mwanzoni halikuwa neno la damu tu.

Katika Kilatini, « gradus » ni hatua. « Aggredi » ni kupiga hatua kumwelekea mtu: kumkaribia, kumsemesha, kuanza kazi, ao kumshambulia. Ndugu zake ni « progrès », kupiga hatua mbele, na « congrès », kupiga hatua pamoja. Maana ya shambulio ndiyo iliyobaki. Hata hivyo, katika Kiingereza cha biashara, muuzaji anayeitwa « aggressive » anaweza kuwa anasifiwa: ni mtu wa bidii, asiyechoka kufuata wateja.

Katika sheria, neno ni zito zaidi. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1974, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubaliana juu ya maana yake katika azimio 3314: inchi kutumia nguvu za kijeshi dhidi ya mamlaka, mipaka ao uhuru wa kisiasa wa inchi ingine. Kutuma makundi yenye silaha yafanye mashambulizi mazito kwa niaba ya inchi nako kumehesabiwa humo.

Mwaka 1999, DRC ilishtaki Uganda kwenye Korti ya Kimataifa ya Haki ikitumia neno hilo. Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2005, korti ilihukumu kwamba Uganda ilivunja sheria inayokataza kutumia nguvu dhidi ya inchi ingine. Lakini neno « agression » halikuingia katika uamuzi wa mwisho. Majaji wawili, Bruno Simma na Nabil Elaraby, waliandika pembeni kwamba korti ilipaswa kulitamka.

Mwaka 2022, korti ilipanga fidia ya dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu. Kiasi kimejulikana, lakini mjadala juu ya neno haujaisha. Kwa raia aliyepoteza ndugu Ituri ao Kisangani, kusikia tendo likiitwa kwa jina lake ni sehemu ya haki anayodai.